Taa Nyekundu ya Pikapu ya Babu Yako

Mpimbwe, Jumapili alasiri

Desi mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Upo uani, unawaonyesha watoto wa jirani viatu vyako vipya na kuwakataza wasivikanyage. Maji yako ya kuoga yako jikoni, na mpaka yapate moto nina nafasi ya kuandika. Kesho asubuhi gari litajaa watu na magunia, na mimi mbele za watu maneno hunikauka. Unanijua. Hata dukani ni wewe unayesema, "Tunaomba chumvi," mimi nikiwa nimesimama nyuma yako kama mgeni.

Nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya gauni la kanisani. Unaweza kusoma majina ya maduka, lakini hii bado huiwezi. Usimpe mtu akusomee. Ngoja mpaka uiweze mwenyewe.

Sitakuandikia habari za kunawa mikono wala kusali kabla ya kulala. Hayo unayajua, na usiyoyajua nimeshamweleza baba yako, ingawa nilimweleza nikiwa naangalia miguu yangu na sijui kama alinisikia. Nataka kukueleza habari za gari. Utashangaa, lakini sina njia nyingine ya kuyafikia ninayotaka kusema.

Sikukuzaa mimi. Aliyekuzaa ni dada yangu Oresta. Lakini kwetu mdogo wa mama ni mama, na tangu ulipoanza kutembea umeniita mama bila mtu kukufundisha. Nilikuwa nasoma na wewe umelala mgongoni. Kidato cha nne nimekimaliza juzi tu, na walimu walikuwa wananitania kwamba mwanafunzi wao ana mtoto mkubwa kuliko kimo chake.

Baba yako, Masanja, ni mtu mwema. Nataka ulisome hili kwa mkono wangu. Alikuja huku na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga, akamwona dada yangu kwenye mashamba ya mpunga, na akafuata taratibu zote. Ng'ombe wa mahari walifika nyumbani kwetu kabla hujazaliwa. Kwa hiyo wewe ni wa kwao, na hakuna mtu hapa anayeweza kusema vingine. Alikuacha kwetu ulipofiwa kwa sababu ulikuwa mdogo na yeye alikuwa anahama na mifugo. Sasa anarudi Shinyanga moja kwa moja. Huko yuko dada yake, sengi wako, ndivyo wanavyomwita shangazi, na amesema atakulea. Treni iko keshokutwa pale Mpanda. Ili kuiwahi, lazima pikapu ya babu yako ikupitisheni kwenye hifadhi ya wanyama kesho.

Jana mjomba wako Kasiani alirudi na pikapu kutoka Mpanda akasema taa nyekundu imewaka alipofika Sitalike, akaja akisimama njiani kulipoza.

Unaijua taa hiyo. Iko kwenye dashibodi upande wa kushoto, na ina mchoro wa kijiti kilichozama kwenye mawimbi. Ulipokuwa mdogo zaidi uliniuliza kama ni mtumbwi unaozama. Nikakwambia ni taa ya maji. Ukisikia "ya maji" usidhani ni ya kunywa. Injini nayo ina maji yake, yanazunguka ndani yake na kuja mbele kwenye rejeta kupoa, kisha yanarudi. Yakipungua, injini inachemka, na taa ile inawaka kukwambia usimame.

Sasa nikurudishe nyuma, wewe ukiwa bado unatambaa.

Dada Oresta alikuwa na mimba nyingine, na uchungu ulipomshika haukwenda vizuri. Nesi wa zahanati alisema apelekwe Mpanda hospitali. Baba yako alikuwa malishoni mbali, hakuna aliyejua ni wapi. Babu yako aliendesha, macho yake yalikuwa bado yanaona. Bibi yako, alikuwa bado hai, alibaki na wewe. Mimi nilipandishwa nyuma kwenye godoro nikishike kichwa cha dada. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Tulipokuwa katikati ya hifadhi taa iliwaka, na babu yako alisimama papo hapo kama inavyotakiwa. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Alichukua dumu akaniambia, "Nakwenda kuchota maji pale bwawani. Gari lipoe. Usiguse mfuniko wa rejeta mpaka nirudi. Umenisikia?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaenda, anatembea huku anapiga dumu kwa fimbo ili nyati wamsikie.

Mbung'o walitujaa. Nilikuwa nawapunga kwa kitenge. Dada akafungua macho akasema, "Stazia, mbona hatuendi?"

"Gari linapoa."

"Linapoa nini? Mimi ndiye ninayeungua."

Alisema kwa utani, alikuwa mtu wa utani hata pale. Kisha akauliza tena, "Mbona hatuendi?" Akauliza tena. Mara ya mwisho hakuuliza, alinishika tu mkono.

Nikashuka. Nikazungusha kitenge mkononi nikaufungua mfuniko.

Kovu hili unalopenda kulipapasa ukiwa unasinzia, unaloliita ramani, ndipo lilipotoka. Maji yaliruka juu kuliko kichwa changu. Yote yaliyokuwa yamebaki ndani yalimwagika barabarani. Na mimi, kwa kuona nimeharibu, nikataka kutengeneza haraka kabla baba hajarudi. Nikachukua maji yetu ya kunywa, ya baridi, nikayamimina kwenye injini ikiwa bado inawaka moto. Nikasikia "ta!" ndani ya chuma. Mlio mdogo tu. Mtu mwingine asingeushtukia.

Babu yako aliporudi alijaza maji, yakatokea chini. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa nyeupe kama uji uliotiwa maziwa. Ukiona hivyo, maji na oili vimekutana, na gari hilo haliendi popote. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepasuka. Chuma cha moto hakivumilii maji ya baridi.

Aliutazama mkono wangu. Alirarua shati lake akanifunga.

Lori la mbao lilipita jua likiwa limeshageuka. Kabla halijafika, dada alikuwa ameacha kunibana mkono, na mimi nilidhani amelala.

Watu wote hapa wanajua habari hii. Siyo siri ninayokutolea. Hawaisemi tu. Nilipokuwa mgonjwa wa ule mkono wanawake walikuja kunipa pole, na kila mmoja akasema ilikuwa kazi ya Mungu, na kwamba hata gari lingefika huenda isingesaidia. Huenda. Nimeishi na neno hilo, Desi, na sijaona mwisho wake. Laiti mtu mmoja angenitukana, ningekuwa na pa kushika.

Babu yako hakunipiga wala hakunisamehe kwa maneno. Gari lilipovutwa hadi nyumbani na kutengenezwa, aliniita akasema, "Kila Jumamosi, gari likiwa limelala, utafungua mfuniko na kuniambia maji yamefika wapi." Basi. Jumamosi ya kwanza mfuniko ulinidondoka. Akasubiri, hakuuokota. Ya pili nikaufungua. Baadaye akanionyesha mipira miwili inayopitisha maji ya rejeta, wa juu na wa chini, mkanda wa feni, pampu ya maji, waya wa taa. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Mimi nilidhani ananipa adhabu. Baadaye nikadhani ananifariji. Sasa nadhani alikuwa anatafuta tu mtu wa kuona badala yake, na mtu mwenyewe ni mimi. Sijui. Sisi wawili hatuongei sana.

Ndiyo maana taa ilipowaka jana, mjomba wako alilileta gari chini ya mlimao na kuita, "Stazia, mgonjwa wako huyu."

Jana nililiacha usiku kucha lipoe. Leo baada ya misa nimelifungua. Umeniona, ulikuwa umekaa juu ya tairi la akiba unakula muwa. Lakini hukujua kilichokuwa kinaendelea, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yako alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake mabegani. Akamwambia babu, "Baba mkwe, mimi treni hainingoji. Gari likiwa bovu nitapanda baiskeli, nitatangulia. Mtoto abaki. Nitamfuata baada ya mavuno."

"Mavuno haya au ya mwakani?" Kasiani akamuuliza.

"Nitakayoyapata, shemeji. Safari ni ndefu."

Babu yako alikuwa kwenye kigoda chake, mkono mmoja juu ya boneti kama anavyofanya siku zote. Akasema, "Stazia ndiye atakayesema."

Wote wakanigeukia. Mimi nikainama ndani ya injini ili wasinione uso.

Umeelewa, mwanangu? Ningesema gari bovu, wewe ungebaki. Babu haoni. Kasiani anajua kuendesha, hajui kutazama. Baba yako anajua ng'ombe. Ningechovya kijiti cha oili nikasema, "Oili imekuwa uji," nani angenibishia? Na baada ya mavuno, nani anajua? Watu wanaohama na mifugo hukawia. Ungekuwa umeingia darasa la pili, la tatu. Ungekuwa wangu.

Kasiani akasema, "Mnapoteza muda nyie. Ikate hiyo waya ya taa. Taa ikizima, gari limepona."

"Kama wewe," babu akasema. "Ulipokuwa na homa ulificha kipimajoto cha nesi chini ya mto."

"Na si nilipona?"

"Ulipona kwa sababu mama yako alikitafuta."

Baba yako akacheka, na mimi pia nikacheka humo ndani ya injini, na nilipokuwa nacheka machozi yakanitoka. Kasiani hakukata tamaa. "Basi tutie yai kwenye rejeta. Madereva wote wa Majengo wanatia yai. Linaziba tundu."

"Linaziba na pasipo na tundu," babu akasema. "Mwache mtoto atazame."

Nikatazama. Kwanza nikafungua mfuniko, na maji yalikuwa yameshuka mpaka sikuyaona. Kwa hiyo taa ilikuwa inasema kweli. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwenye kitambaa, nikakichovya tena. Oili ilikuwa nyeusi, haijachanganyika na maji. Silinda hedi nzima. Nilikaa na kile kijiti mkononi muda mrefu. Mpaka sasa sijui babu alikuwa anawaza nini. Pengine naye alikuwa anataka niseme uongo. Wewe ndiye unayemshika mkono kumpeleka kanisani.

Hapo ukashuka kwenye tairi, ukaja na muwa wako, ukaingiza kichwa chini ya boneti karibu na changu. Ukaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, kama vile unajua ni jambo la aibu, "Mama, litapona? Nataka kuona treni."

Sikukasirika, usije ukadhani. Mtoto lazima atake kuona treni. Nilipokuwa kama wewe nami niliitaka. Lakini nilijisikia kama siku ile nilipousikia ule mlio ndani ya chuma.

Nikasema, "Litapona."

Nikajaza maji, taratibu, ya kwenye mtungi lakini injini ikiwa baridi kama jiwe. Nikamwambia Kasiani awashe, nikalala chini na kitambaa kikavu, nikagusa kila mahali maji yanapopita. Pampu kavu. Rejeta kavu. Mpira wa juu mkavu. Mpira wa chini, pale unapobanwa na klampu kwenye rejeta, kitambaa kikalowa. Mpira ulikuwa umechanika kwenye ncha tu, ufa mfupi kuliko kidole chako, mahali ambapo mtu wa juu hawezi kuuona. Gari likienda na kupata moto, ufa unafunguka na maji yanatoka kidogo kidogo barabarani. Likilala, unajifunga, chini kunabaki pakavu, na dereva anaapa kwamba taa ni mwongo.

Nilizima, nikangoja. Nilingoja mpaka Kasiani akaenda kunywa togwa kwa jirani na kurudi. Kisha nikalegeza klampu, nikakata ile ncha iliyochanika kwa kisu, nikausukuma mpira uliobaki mzima na kuubana upya. Urefu ulitosha. Nilitamani usitoshe. Nilipokuwa nakaza kwa bisibisi nilisema moyoni, uwe mfupi kidogo tu, ee Mungu, usifike. Ukafika.

Kwa hiyo ni mimi niliyelitengeneza gari linalokuchukua. Hilo ndilo nilitaka ulijue, siyo kutoka kwa mtu mwingine. Usije ukakua ukadhani nilikuachia kwa sababu sikuweza kukuzuia. Niliweza. Na usidhani kwamba nilifanya hivi kwa wema. Nimejichunguza tangu mchana na sioni wema. Niliogopa tu. Niliogopa kwamba nikisema uongo mmoja juu ya gari lile, nitakuwa nimeufungua tena ule mfuniko kwa sababu moyo wangu haukuweza kungoja. Sijui kama nimefanya vizuri. Ningekudanganya kama ningekwambia nina amani.

Ninalojua ni kidogo, Desi. Kitu kikiwa cha moto usikifungue, hata kama anayekuomba ni mtu unayempenda kuliko wote. Na ukishakosea, usiharakishe kutengeneza ili usionekane. Ule uharaka wangu wa pili ndio uliopasua chuma, siyo wa kwanza. Haya niliyalipia sana, na hata hivyo hayanisaidii leo. Nimejifunza kungoja, na sasa sina ninachokingoja. Majibu ya mtihani yatakuja. Naujua mtihani nilioufanya. Tutabaki babu yako na mimi, yeye anauliza saa ngapi na mimi namjibu. Jumamosi nitafungua mfuniko nimwambie maji yamefika wapi.

Kuna jambo moja nakuomba. Kesho utakaa mbele, kati ya mjomba na baba yako. Mbele kuna joto na utasinzia, lakini usisinzie mpaka mvuke Sitalike. Itazame ile taa. Ikiwaka, sema. Mjomba atakwambia ni mwongo, atakwambia watoto hawaongei wakubwa wakiongea. Wewe sema hivyo hivyo, sema kwa ile sauti yako ya dukani. Na huko uendako, kwa sengi wako, kama kuna kitu kinakuumiza, sema pia. Usiwe kama mimi, ninayeandika kwenye karatasi wakati wa kuambiwa mwenyewe yupo uani.

Nilipomaliza kukaza klampu na kujaza maji tena, Kasiani aliwasha gari na kuliacha lingurume mpaka likapata moto wake. Nilikaa mbele, kando yake. Alipozungusha ufunguo taa iliwaka kidogo, kama inavyowaka siku zote, kisha ikazima. Nikaitazama. Nikaomba isiwake, kwa sababu wewe utakuwa ndani. Halafu nikaomba iwake. Niliomba yote mawili, sikuchagua.

Babu yako bado alikuwa ameweka mkono kwenye boneti. Akauliza, "Inasemaje?"

"Imezima, baba."

"Imezima kabisa?"

"Kabisa."

Baba yako akashusha fimbo yake mabegani, akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda kutafuta kamba za kufungia mizigo. Babu alibaki pale. Aliupapasa upande wa gari kama mtu anayemtafuta mtu, kisha akaondoa mkono.

"Basi," akasema, "nenda kamwogeshe mtoto."

Nilikuja jikoni kubandika maji, nikachukua karatasi, na katika kuandika nimeyasahau. Yamechemka. Nimeyaepua sasa hivi. Nina mtungi wa maji ya baridi hapa pembeni, ningeweza kuchanganya na yangekuwa tayari mara moja, lakini sichanganyi. Nimeyaweka mlangoni yapoe yenyewe. Endelea kucheza kidogo. Nitakuita.

Mama yako mdogo,
Stazia